Mwalimu wa biolojia aandaliwe vipi kwa darasa la leo?

JARIBIO la kutambua wanga katika jani ni miongoni mwa majaribio ya mwanzo ambayo mwalimu mwanagenzi wa biolojia hukutana nayo anapotumwa katika shule ya upili kwa mazoezi ya kufundisha. Kitabuni ni jepesi. Jani huchemshwa kwenye maji, kisha hutiwa katika spiriti iliyopashwa moto ili litokwe na rangi yake ya kijani, huoshwa, halafu hudondoshewa iodini. Penye wanga, rangi ya kahawia ya iodini hugeuka kuwa buluu inayokaribia weusi.

Chukua mfano wa kipindi kilichopangwa saa mbili asubuhi. Mwanagenzi anachuma majani kwenye ua la shule akielekea maabara. Wanafunzi hamsini wanachemsha, wanaosha na kudondosha. Hakuna kinachogeuka. Iodini inabaki na ukahawia wake. Wanafunzi wanamtazama mwalimu, naye mwalimu anaitazama saa yake. Hatimaye anatamka maneno ambayo wengi waliopitia maabara za shule wamewahi kuyasikia: andikeni kwamba rangi iligeuka ikawa buluu-nyeusi.

Jani hilo halikuwa na kosa lolote. Usiku mmea hautengenezi chakula kwa kuwa hakuna mwanga, lakini huendelea kukitumia kile ulichohifadhi mchana na kukisafirisha hadi sehemu zake nyingine. Kufikia alfajiri, wanga uliomo ndani ya jani huwa umepungua mno. Lau jani la mti huo huo lingechumwa saa tisa alasiri ya siku yenye jua, matokeo yangekuwa yale yaliyotarajiwa. Mwanagenzi alikuwa na ushahidi wa usanisinuru ulio bora kuliko ule wa kitabuni, akaamuru utupwe pamoja na maji machafu.

Ni katika dakika hiyo ambapo mtu anaweza kupima kama chuo kilimwandaa mwalimu au kilimpa cheti tu. Wanafunzi hao hamsini wamejifunza jambo moja kubwa asubuhi hiyo, nalo ni kwamba katika sayansi macho yako yakipingana na kitabu, huna budi kuyakana macho.

Nchini Kenya, shahada ya ualimu wa sayansi huchukua miaka minne. Mwanagenzi hubobea katika masomo mawili. Biolojia aghalabu huambatana na kemia, kilimo, jiografia au hisabati. Katika vyuo vikuu vingi, yaliyomo katika biolojia hufundishwa na wahadhiri wa kitivo cha sayansi, nazo mbinu za kufundisha hufundishwa na wahadhiri wa elimu. Mhadhiri wa botania humweleza mwanagenzi jinsi klorofili inavyonasa mwanga hadi ngazi ya molekuli. Mhadhiri wa mbinu humwonyesha jinsi ya kuandika maazimio ya kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi. Swali la jani lichumwe saa ngapi halimo katika mihadhara ya yeyote kati yao.

Msomi wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, aliandika mwaka wa 1986 kwamba kuna maarifa ya aina ya tatu yaliyo katikati ya hayo mawili: maarifa ya kulifundisha somo lenyewe. Hayo ni pamoja na kujua mifano inayoeleweka, mahali wanafunzi hukwama, na fikira potovu wanazoingia nazo darasani. Mtu anaweza kuwa bingwa wa biolojia na mjuzi wa saikolojia ya elimu huku akiwa hana maarifa hayo kabisa.

Vyuo hujaribu kuliziba pengo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni mazoezi mafupi, ambapo mwanagenzi hufundisha wenzake kwa dakika chache kisha hukosolewa. Mtindo huu ulianzia katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960, na ulienea kwa sababu una manufaa. Kasoro yake ni kuwa wanaojifanya wanafunzi ni watu wa chuo kikuu. Hawaulizi maswali ya mtoto wa miaka kumi na mitano, na wakiuliza, huwa wanaigiza. Njia ya pili ni mazoezi ya kufundisha yenyewe, ambayo kwa kawaida huchukua muhula mmoja. Mkaguzi kutoka chuoni hufika mara chache, huketi nyuma ya darasa, hukagua faili na kutoa alama. Si ajabu wanagenzi wengi wakajifunza kuwa faili nadhifu ni salama kuliko jaribio linaloweza kukataa.

Kuna chanzo kingine ambacho huwa hakisemwi sana. Mwalimu hufundisha jinsi alivyofundishwa. Mwanagenzi wa leo alitumia miaka minne katika shule ya upili akiandika muhtasari wa mwalimu na kudurusu maswali ya mitihani iliyopita. Katika KCSE, karatasi mbili za nadharia za biolojia zina alama 80 kila moja, na ya tatu, ambayo ni ya vitendo, ina alama 40. Alama hizo 40 zilikusudiwa kuzilazimu shule zifanye majaribio. Lakini kwa kuwa shule hupata mapema orodha ya vifaa vitakavyohitajika, kuna zinazongoja hadi wiki za mwisho ndipo zifungue maabara na kuwakaririsha watahiniwa hatua za kufuata.

Jitihada za kugeuza hali hiyo si ngeni. Chuo cha walimu wa sayansi cha Kenya Science jijini Nairobi kilianzishwa miaka ya 1960 kwa msaada wa serikali ya Sweden, kwa shabaha ya kutoa walimu wa sayansi wenye ujuzi wa maabara. Mwaka wa 1998, serikali ya Kenya ikishirikiana na shirika la JICA la Japan ilianza mradi wa SMASSE katika wilaya tisa za majaribio, na kuanzia 2003 mradi ukaenezwa kote nchini. Ndio uliozaa kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Falsafa yake ilikuwa na maneno machache: shughuli, mwanafunzi, jaribio na ubunifu wa vifaa, kisha panga, tenda, tazama, boresha.

Hata hivyo, mradi huo ulilenga hasa walimu waliokuwa tayari kazini. Ulikuwa kama kumtibu mtu maradhi ambayo angeweza kukingwa mapema. Neno moja katika falsafa hiyo, tazama, ndilo linalofaa kuingizwa chuoni kwa nguvu zote.

Huko Japan, walimu wana desturi ya kuandaa somo moja kwa pamoja. Mmoja hulifundisha, na wenzake huketi darasani wakiwaangalia wanafunzi badala ya kumwangalia mwalimu. Nani alianza kuandika kabla ya kuelewa? Kundi gani lilikwama, na katika hatua ipi? Baadaye huketi pamoja na kulirekebisha somo. Desturi hii haihitaji fedha. Wanagenzi watatu au wanne waliotumwa katika shule jirani wanaweza kuifuata mara moja kwa wiki, mradi chuo kikubali kwamba kumtazama mwenzako akifundisha ni kazi inayostahili alama.

MANENO YA NYUMBANI

Anayewasikiliza wanafunzi kwa makini atagundua upesi kuwa hawaji darasani wakiwa watupu. Wanakuja na biolojia yao wenyewe, waliyoipata nyumbani pamoja na lugha. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mawazo mengi ya mwanafunzi yako katika Kiswahili na lugha ya mama.

Mathalani, Waswahili husema kuwa mgonjwa ameingiwa na wadudu, wakimaanisha vijidudu vya maradhi. Mwanafunzi aliyelelewa na usemi huo akifika katika mada ya uainishaji wa viumbe, huona ni sawa kabisa bakteria kuwekwa pamoja na nzige na siafu. Kwake, mnyama ni kiumbe mwenye miguu minne na manyoya. Samaki ni samaki, ndege ni ndege, na kumwita binadamu mnyama ni kumtusi. Neno kupumua nalo hubeba mzigo wa mambo mawili. Kuna kuvuta na kutoa hewa kwa mapafu, na kuna ile kazi ya seli kuvunjavunja chakula ili kupata nishati. Mwanafunzi asiyetenganishiwa mambo hayo ataandika katika mtihani kwamba mimea haipumui kwa kuwa haina pua, au kwamba hupumua usiku pekee, ilhali seli za mmea hufanya kazi hiyo mchana na usiku bila kukoma.

Halafu kuna mbolea. Wakulima huiita chakula cha mimea, na mtoto wa mkulima amewahi kuona kwa macho yake mahindi yakinawiri baada ya kutiliwa. Kwa hivyo anaamini kwamba mmea hula udongo. Mwalimu atamwambia mara kumi kuwa mmea hujitengenezea chakula kutokana na maji na hewa ya kaboni, naye atakariri na kupata alama, kisha atarudi shambani na imani yake ikiwa salama.

Hapa historia ya sayansi ni msaada kuliko muhtasari. Katika karne ya 17, Jan Baptist van Helmont, wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa mti katika chungu cha udongo alioupima, akawa anautilia maji tu kwa miaka mitano. Mti uliongezeka uzani kutoka kilo zipatazo mbili hadi zaidi ya kilo 70. Udongo ulipungua kwa gramu zisizofika 60. Alithibitisha kwamba mti hauli udongo. Lakini akahitimisha kuwa umetokana na maji peke yake, na hapo akakosea, kwa kuwa hakuihesabu hewa. Mwanagenzi anayekisimulia kisa hiki kisha akawauliza wanafunzi van Helmont alisahau kupima nini, amewapa nafasi ya kukosea pamoja na msomi mkubwa, na kosa halimwaibishi mtu tena.

Orodha ya maneno kama hayo hutofautiana kutoka eneo hadi eneo. Mwanagenzi kutoka Nyeri anayetumwa Kilifi atakuta mengine. Ndiyo maana swali la kwanza la mada yoyote lingefaa kuwa lile la kuwauliza wanafunzi wanavyodhani wao, na majibu yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa kwanza. Ni dakika tano tu kati ya arobaini za kipindi. Wanagenzi huziogopa dakika hizo kwa sababu haziwezi kuandikwa kikamilifu katika andalio la somo.

MADA ZINAZOGUSA NYUMBA

Biolojia inatofautiana na fizikia kwa jambo moja: inamhusu mwanafunzi mwilini mwake na wazazi wake. Mwanagenzi hafundishwi vya kutosha jinsi ya kulibeba hilo.

Kiswahili husema damu nzito kuliko maji, na kwamba mtoto ana damu ya babake. Urithi, kwa mwanafunzi, ni mambo ya damu. Mada ya jenetiki inapofundishwa, mifano hutoka kwa njegere za Gregor Mendel, na huko ndiko wengi hubaki. Ilhali Kenya ina mfano wake wenye uzito zaidi. Ugonjwa wa selimundu huathiri familia nyingi katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka wa 1954 utafiti ulioonyesha kwa nini: mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja pekee hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu penye mbu wengi na ni adimu nyanda za juu zenye baridi.

Wazazi wawili wanapokuwa na jeni hiyo moja moja, kila mtoto wao ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuugua. Wanafunzi huielewa hesabu hii visivyo. Hudhani kwamba mtoto wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wako salama. Kuna watu wazima wanaodhani hivyo pia, na wanapanga uzazi kwa kutegemea dhana hiyo. Mwalimu mwenye sarafu mbili za shilingi anaweza kuifuta katika kipindi kimoja. Kila kundi lirushe sarafu mbili kwa pamoja mara arobaini na kuandika ni mara ngapi zote zimeanguka upande wa nembo. Wanafunzi wataona nembo mbili zikifuatana mara mbili, pengine mara tatu, na kisha zikipotea kwa muda mrefu. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka awali, wala yai la uzazi halikumbuki ndugu aliyetangulia.

Lakini katika darasa hilo hilo huenda ameketi mwanafunzi mwenye selimundu, aliyelazwa hospitalini wiki mbili zilizopita. Mwanagenzi akimtumia kama kielelezo bila idhini yake, atakuwa amefundisha jenetiki na kuvunja moyo wa mtu. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi mwenye ualbino. Lile zoezi la kuwatuma wanafunzi wakaulizie makundi ya damu ya wazazi wao ni la hatari kuliko linavyoonekana, kwani linaweza kufichua siri ya uzazi mbele ya watu hamsini. Kuchomana vidole kwa sindano ili kupima damu darasani hakufai kabisa, kwa sababu ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Mada ya mageuko ya viumbe ina ugumu wake. Wanagenzi wengi ni waumini, na wanafunzi wao pia. Baadhi huipitia mbio kwa vipindi viwili, wengine huomba radhi kabla ya kuanza. Hakuna haja ya lolote kati ya hayo. Mwalimu wa biolojia haitwi kuamua mambo ya imani. Anaitwa kueleza ushahidi, na mwingi wa ushahidi huo umechimbwa katika ardhi ya Kenya. Mwaka wa 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto. Kipande hicho kilisababisha kufukuliwa kwa mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimeu hakuwa na shahada. Alikuwa na jicho lililozoezwa kutazama.

VIFAA NA TEKNOLOJIA

Yanapozungumzwa mafunzo ya kisasa, wengi hufikiria kompyuta na projekta. Ni kweli kuwa video ni hazina kwa mambo yasiyoonekana kwa macho: seli ikigawanyika, vali za moyo zikifunguka na kufunga. Tone la maji safi juu ya lenzi ya kamera ya simu ya mwalimu hukuza mishipa ya jani kiasi cha kuwashangaza wanafunzi katika shule yenye hadubini moja mbovu. Lakini video ya jaribio la jani haichukui nafasi ya jaribio, kwa kuwa video haikosei kamwe.

Programu za akili unde nazo sasa humwandikia mwanagenzi andalio la somo kwa sekunde chache, likiwa limenyooka kuliko lake mwenyewe. Hakuna ubaya, mradi akumbuke kwamba programu hiyo haijui ni saa ngapi jani limechumwa wala ua la shule lina mimea gani.

Ubunifu wa vifaa unahitaji kuzoezwa mapema. Iodini ya dukani inayopakwa vidonda, ikizimuliwa kwa maji, hutambua wanga vyema. Kiazi kilichochongwa shimo na kutiwa sukari huonyesha osmosisi. Uzi wa katani wa mita nne, ukifungwa kwenye vijiti vinne, huwa mraba wa kuhesabia kishonanguo na nyasi kando ya uwanja wa kandanda, na mada ya ikolojia ikatoka kitabuni. Chupa ya plastiki na vibofu viwili huonyesha mapafu, ingawa mwalimu mwangalifu atawaambia wanafunzi kuwa ukuta wa chupa hausongi kama mbavu zinavyosonga, na atawauliza ni wapi pengine kielelezo hicho kinadanganya.

Usalama ni sehemu ya ubunifu huo. Spiriti huwaka upesi na mvuke wake husambaa mezani bila kuonekana. Haipashwi juu ya moto. Chombo chake huwekwa ndani ya maji yaliyokwisha kuchemshwa, na moto ukiwa umezimwa. Maji hayo yanatosha kabisa, maana spiriti huchemka kabla ya kufikia nyuzi 80. Mwanagenzi ambaye hajalifanya jambo hili kwa mikono yake chuoni, hapaswi kulifanya kwa mara ya kwanza akiwa na watoto hamsini.

Haya yote yanazidi kuwa ya dharura kwa sababu ya ratiba. Shule za sekondari msingi zilianza Januari 2023, na humo biolojia haisimami peke yake bali imo ndani ya Sayansi Jumuishi, pamoja na michanganyiko ya kemia, na kani na nishati za fizikia. Mwanagenzi wa biolojia na kilimo ambaye hakuigusa fizikia tangu Kidato cha Pili atatakiwa kuunganisha nyaya na betri mbele ya wanafunzi. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za sekondari ya juu Januari 2026, na biolojia huko ni somo la kuchaguliwa katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtihani wa mwisho wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4 ulipangiwa mwaka wa 2027.

Maana yake ni kwamba wanagenzi wanaohitimu vyuoni miaka hii watafundisha mtaala ambao wao wenyewe hawakuusomea hata siku moja. Hawana kumbukumbu ya mwalimu wao wa zamani ya kuigiza. Walicho nacho ni muhula mmoja wa mazoezi, faili moja, na mkaguzi anayefika mara chache. Mkaguzi huyo anaweza kuanza kwa kuomba aonyeshwe daftari la majaribio ambayo mwanagenzi aliyajaribu peke yake kabla ya kipindi, yakiwemo yaliyokataa, na maelezo ya kwa nini yalikataa.